Upande Wangu wa Ubao

Nyumbani kwetu Msambweni hakuna kona inayokata. Meza, vigoda, vizingiti, hata kibao cha kukatia nyama, vyote nimevipiga msasa mpaka vikawa mviringo. Wageni hudhani ni mtindo. Si mtindo, ni maradhi niliyorithi kwa baba. Baba alikuwa fundi wa mashua, na alinifundisha kazi yake kwa sababu nilikuwa mtoto wa kwanza na hakuwa bado na mwana wa kiume wa kumshikia ncha ya pili ya uzi. Katika yote aliyonifundisha, moja lilikuwa halina mjadala: usiache ukali. Ukali wa mbao hukata nyavu, hunasa kamba, humchana mwenye chombo, na hapo ndipo mbao inapoanza kumeguka. Alipomaliza kazi alipitisha kiganja kutoka omo mpaka tezi, mbele mpaka nyuma, macho kayafumba. Kiganja kikisimama mahali, siku hiyo nilikuwa sina raha.

Baba ametangulia mbele ya haki. Mimi nimepita arobaini, na kazi nyingi ninazofanya sasa ni za faiba, kuziba maboti yanayochukua wageni kwenda Funzi na Wasini. Kuna wateja wanaofika na kuniuliza mume wangu yuko wapi wapate kuongea na fundi. Huwaambia fundi yuko mbele yao, na kwamba bei imeshapanda kidogo tangu walipouliza.

Ninaye ndugu mmoja tu wa kiume, kitinda mimba, niliyempita miaka kumi na mmoja. Nimembeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko ndoo ya maji. Baba alipofariki nilimfundisha mimi kushika randa, na mkono wake ukawa mzuri, mwepesi kuliko wangu, ingawa sikumwambia. Halafu akapata kazi Diani, kwenye banda linalokodisha vyombo vya kuchezea baharini, na huko akashikwa na wazimu wa mawimbi. Akawa anarudi nyumbani macho mekundu kwa chumvi, hana habari nyingine ila alivyosimama juu ya ubao wa kuteleza mawimbini na alivyoanguka.

Ijumaa moja baada ya swala alishuka kwenye tuktuk na kipande cha ubao kilichotokeza pande zote mbili za gari. Mgeni mmoja alikuwa amevunja ubao wake mrefu kwenye mwamba, na ndugu yangu akaomba kipande kikubwa. Alikiegemeza kwenye mlango wa karakana yangu nyuma ya nyumba.

"Dada, humu ndani mna samaki."

Samaki, akanieleza, ni jina la ubao mfupi, mpana, mnene kifuani, wenye mkia wa panda kama wa kolekole na mapezi mawili chini yake. Unafaa mawimbi madogo kama yetu, ambayo ubao mwembamba unayazamia. Tulikibambua kile kipande ngozi yake ya faiba, tukabaki na povu jeupe gumu na kipande cha mti kilichopita katikati, uti wa mgongo. Tukachora umbo lake na kulikata. Mpaka hapo hatukugombana.

Tuligombana tulipofika tumboni. Mimi nilitaka kuupa ubao tumbo, kwa sababu chombo ninachokijua mimi kina tumbo, tena kina mkuku, ule mti mrefu unaokibeba chini. Yeye akasema hapana. Mbele kidogo tu liwe la mviringo, ili lisijikite majini. Katikati bapa. Halafu kuelekea mkiani yachimbwe mabonde mawili mepesi, moja kila upande wa uti, mepesi kiasi kwamba ukiweka rula unaona mwanga tu ukipita chini yake. Na kingo nazo zibadilike: mbele ziwe nene na laini, na kadiri zinavyokwenda nyuma zishuke, mpaka mkiani pale ukingo unapokutana na tumbo kuwe na kona kali.

"Kali?" nikasema. "Nani aliyekufundisha kuacha ukali?"

 Aliingia ndani kwa mama akatoka na kikombe chake cha udongo, kile chenye mdomo mnene, na kopo la maziwa lililokatwa juu. Akavijaza maji. Mama naye akatoka kutazama kikombe chake kinapelekwa wapi. Ndugu yangu akamimina kwanza kwa kikombe, polepole, na maji yakazunguka mdomo, yakatambaa chini ya kikombe, yakamlowesha mpaka kiwiko. Akamimina kwa kopo, na maji yakaanguka moja kwa moja chini bila kurudi nyuma.

"Maji yanapenda mviringo, dada. Ukiyapa mviringo yatakung'ang'ania. Ukiyapa makali yanakuachia. Mbele tunataka yatushike kidogo. Nyuma tunataka yatuachie, la sivyo ubao utavutwa kama uliofungwa kamba."

"Umenilowesha mkeka," mama akasema.

Nilikubali, kwa kuwa kila aliyewahi kumimina chai anajua kwamba aliyoyasema ni kweli. Lakini kukubali kwa akili na kukubali kwa mkono ni vitu viwili.

Kazi tuliifanya kwa desturi ya baba. Kwa baba watu wawili hawakai upande mmoja wa chombo. Mmoja huku, mwenzake kule, wanatazamana, na anavyofanya huyu ndivyo anavyofanya yule: randa tatu kwa tatu, msasa kwa msasa. Yeye alichukua upande wa kulia, mimi wa kushoto. Tulifunga mlango na dirisha la mashariki, tukaacha moja tu, ili mwanga uingie kwa ubavu na kila kibonde kitoe kivuli chake. Tulikuwa hatuongei sana. Nilisikia msasa wake ukipita na wangu ukiufuata, na pale aliposimama kujifuta vumbi nilisimama na mimi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile, na wakati ule sikujua kwamba ni furaha. Nilidhani ni kazi.

Mabonde yalitoka vizuri. Tukaanza kingo, na tulipofika katikati ya ubao simu yake ikalia.

Alikuwa ameomba kazi Arabuni bila kuniambia. Kulikuwa na mahali penye bwawa kubwa la kuogelea lenye mashine ya kutengeneza mawimbi, na walitaka watu wa kulinda waogeleaji wasizame. Viza ilikuwa tayari. Zilibaki siku nne aondoke.

"Mawimbi ya mashine," mama alisema. "Na Mwenyezi Mungu keshakupa bahari nzima."

Siku mbili kati ya zile nne alizitumia kumaliza upande wake. Nilimwona kupitia dirishani akiufuata ukingo wa kulia mpaka mkiani, akauacha mkali hivi kwamba ungeweza kumenyea embe. Mimi sikuingia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haina adabu, ikinipata hukaa na mimi kama mgeni asiyeaga.

Siku ya kuondoka niliingia karakana asubuhi makusudi, nikaanza kupiga msasa kitu ambacho hakikuhitaji msasa. Alikuja akasimama mlangoni na begi lake, amevaa shati jipya.

"Dada, nakwenda."

"Nenda basi, gari lisikuache."

"Malizia upande wako. Mkataba ni miaka miwili, si mingi. Siku nitakayorudi nitaingia baharini nao kabla sijala."

"Funga mlango," nikamwambia. "Upepo unarusha vumbi."

Akaufunga. Mikono yangu ilikuwa myeupe kwa vumbi la povu, na nilijiambia sikumkumbatia kwa kuogopa kumchafulia shati. Huo uongo niliuishi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Wiki iliyofuata nilimaliza upande wangu. Nilipiga msasa mchana kutwa, kutoka katikati mpaka mkiani, nikimwaza yeye, nikigombana naye, nikimjibu maneno ambayo hakuwa amesema. Mkono ulijiendea. Nilipofumba macho na kupitisha kiganja hakikusimama popote, nikaridhika. Nikaufunika ubao kwa faiba na rezini, ile gundi inayoganda, nikaubandika mapezi yake mawili, nikaupa siku zake ukauke, nikautundika sebuleni ukutani, juu ya kiti cha mama.

Miaka miwili ikazaa miwili mingine. Mkataba ulipokwisha aliuongeza, ulipokwisha tena akauongeza tena, na kila mara alikuwa na sababu ambayo huwezi kuilaumu. Fedha alituma bila kuombwa. Sikutaka fedha. Nilikuwa na hamu naye. Nilikuwa nikipiga msasa boti la watu, nasikia msasa wangu unakwenda, na ng'ambo ya pili kimya, mpaka wakati mwingine nasimama kumngoja mtu ambaye hayupo.

Mama yeye alikuwa na yakini. Kila Ijumaa alipanda juu ya kigoda na kitambaa, akaufuta ubao vumbi kutoka mbele mpaka nyuma. "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema, kila Ijumaa. Nilikuwa nikitaka kumwambia kwamba chombo hiki ni bapa, mama, hakina ngama. Anayepanda hiki hana tumbo la chombo la kurudia, anasimama juu ya maji na kuondoka.  Mtu hamnyang'anyi mama yake methali.

Mwaka huu, upepo wa kusi ulipoanza, ndugu yangu akapiga simu ya video baada ya alasiri. Tulikaa na mama mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye birika.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba mwanangu," mama akasema. "Umekonda."

Hakuwa amekonda, alikuwa amenenepa. Alisema amepata ruhusa ya siku kumi. Mama akaanza kulia na kumshukuru Mungu, na mimi nikainuka kwenda kuangalia jikoni kitu ambacho hakikuwepo. Niliporudi alikuwa akitaka kuuona ubao. Nikauteremsha. Akaniambia nipitishe ukucha mkiani, kwenye kona ya ukingo na tumbo, kwanza kulia. Ukucha ukanasa. Halafu kushoto. Ukucha ukateleza, ukazunguka, ukaendelea kama uliopita kwenye yai.

Akacheka, kicheko chake kile cha kunisamehe ambacho sijawahi kukipenda.

"Dada. Umemfanyia baba, hukunifanyia mimi."

 Miaka mitano ubao ule umening'inia mbele ya macho yangu, na kiganja changu kiliniambia uko sawa.

"Basi, haidhuru," akasema. "Ungekuwa sawa ningerudi nao huku. Siku ya mapumziko wanaturuhusu kuteleza bwawani. Lakini huo utavuta upande mmoja. Uache ukae hapo hapo."

Simu ilipokatika mama alikuwa ameacha kulia. Alinitazama, na nilijua atasema nini kabla hajasema.

"Uache hivyo hivyo."

"Mama, nimeuharibu. Naweza kuutengeneza."

"Najua unaweza, ndiyo maana nakwambia uuache. Msafiri huacha kitu kwao ndipo akapata la kumrudisha. Ukimpa na ubao, atakuwa amebakisha nini huku?"

"Atakuwa ametubakisha sisi."

"Sisi ametuacha miaka mitano," mama akasema.

Nilikaa siku tatu bila kuugusa. Nisijifanye mwema: nilitaka mama awe amesema kweli. Ilikuwa rahisi sana. Sikuhitaji kufanya lolote, ni kutofanya tu. Kosa lenyewe lilikuwa la mkono, halikuwa la nia, na sasa lingetufaa. Angekuja, angeupapasa, angeutundika tena ukutani kwa mikono yake, nasi tungekuwa na rehani yake nyumbani.

Siku ya nne niliulaza ubao kifudifudi juu ya farasi wa mbao, vile viti vya kuwekea kazi, nikasimama nyuma yake na kuweka viganja vyote viwili mkiani kwa pamoja, kama baba alivyopima pande mbili za chombo. Kiganja cha kulia kilimkuta ndugu yangu, kazi yake safi, mwepesi, anayejua anakokwenda. Kiganja cha kushoto kilinikuta mimi, wiki ile ya hasira, nimeshikilia. Nilitokwa na machozi pale pale, na nilikasirika kwa kutokwa na machozi. Ubao ule haukubaki nyumbani kwa mapenzi. Ulibaki kwa sababu mimi niliharibu nusu yake, na fundi hatundiki kosa lake ukutani akaliita pambo.

Povu likishakwenda halirudi. Ukingo uliolika huwezi kuukuza, lakini unaweza kuujengea mwingine juu yake. Nilikata kipande cha boksi, nikakibana kwenye ukingo wake wa kulia na kukichonga kidogo kidogo mpaka kikakaa bila kuacha mwanga, nikaipata sura ya mkono wake kwenye karatasi. Nikaugeuza ubao tumbo juu, nikaukwaruza upande wangu ili rezini ishike. Nikabandika utepe kando ya ukingo, umesimama juu kidogo kama kiukuta, nikamimina rezini nyuma yake polepole ijaze pale palipokosekana. Kesho yake nikabandua utepe, nikapiga msasa tumboni tu, bapa, msasa nimeuzungushia kipande cha mbao ili vidole visipate nafasi ya kuleta mambo yao. Kila nilipoona mkono wataka kuzunguka kona niliuondoa, nikatoka nje, nikarudi. Mtoto hufundishwa tabia siku moja, na kuiacha humchukua miaka. Mara ya mwisho nilipitisha kile kipande cha boksi, kikakaa. Nikapitisha ukucha. Ukanasa.

 Mama aliniletea chai karakana, akauona ubao, akaondoka, nami nikaurudisha ukutani.

Ndugu yangu alifika Alhamisi. "Shikamoo dada," akasema mlangoni, na mimi mikono yangu ilikuwa mitupu; nilikuwa nimeinawa mara mbili tangu adhuhuri. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Dada, kuna watu wanatutazama." Kisha akaingia ndani, akaenda moja kwa moja ukutani, akapitisha ukucha kulia, akapitisha kushoto. Akapitisha kushoto tena. Hakunitazama. Mama alikuwa amesimama pale na sinia la biriani, kwa hiyo ile ahadi ya kuingia baharini kabla ya kula ilivunjwa na mwenye nyumba.

Asubuhi tulikwenda Diani. Niliingia majini mpaka magotini na leso yangu, yeye akalala juu ya ubao na kupiga makasia kwa mikono kuelekea kwenye mlango wa mwamba, kule mawimbi yanakoinuka. Nilikuwa sijawahi kumwona. Miaka yote ile ya kunisimulia, sikuwahi kwenda, nilikuwa na kazi. Akakaa kitambo. Wimbi likaja, si kubwa, akasimama, na ubao ukaondoka naye. Hakuonekana kujitahidi. Akageuka kushoto, kwenye upande wangu, akaulalia, na maji yakatoka nyuma ya mkia yamekatika wima, hayakumfuata. Nilitaka aendelee na nilitaka asimame.

Alirudi anahema, ameukumbatia ubao.

"Hauyashiki maji, dada. Unaachia kabisa."

"Nimeona," nikasema.

Siku ya kumi mama mwenyewe ndiye aliyeufunga ubao. Alitoa leso zake mbili, zile za sikukuu, akauviringisha kwa utaratibu kutoka mbele mpaka mkiani, akauzungushia kamba. Nilidhani atasema neno. Alisema tu, "Wasikuangushie huko uwanja wa ndege." Nilimsindikiza ndugu yangu mpaka barabarani. Nilimkumbatia, na safari hii mimi ndiye niliyemwachia kwanza, na nikamwambia niliyopaswa kumwambia miaka mitano iliyopita, kwamba nitakuwa na hamu naye kila siku.

Sebuleni pamebaki misumari miwili. Mama hakutaka niing'oe.

Juzi wenzake wa zamani wa Diani waliniletea kipande kingine cha ubao uliovunjika, kirefu cha kutosha. Nimekibambua, nimechora samaki, nimekata. Nimechimba bonde la kushoto. Nimepiga msasa ukingo wa kushoto, mnene mbele, unashuka, na mkiani nimeuacha mkali mara ya kwanza, bila boksi wala rezini. Ulinichukua wiki tatu. Ijumaa mama aliingia na kitambaa chake mkononi, akauzunguka ubao, akasimama ng'ambo ya pili, pale povu lilipo kama lilivyokuja, halijaguswa na randa.

"Na upande huu?"

"Huo si wangu, mama."

 Mama akakunja kitambaa vizuri, akaanza kuufuta vumbi ule upande wa kulia.